Mafurushi Nyuma ya Pazia

Baba yangu alikufa ameshika kifua kwa mkono mmoja na kikombe cha maziwa kwa mkono wa pili. Alikuwa fundi cherehani, na asubuhi ile alikuwa akikata kanzu za sikukuu. Alisema kuna kitu kizito kimemkalia katikati ya kifua, kama mtu ameweka cherehani juu yake akasahau kuiondoa. Taya lilimuuma. Jasho lilimtiririka hali sisi wengine tulikuwa bado tumejitanda khanga, kwa kuwa mvua ilikuwa imetoka kunyesha na hewa ilikuwa baridi. Kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, mambo kama hayo yana jina tayari: gastriti, ugonjwa wa tumbo. Na gastriti ina dawa yake, maziwa ya moto. Shangazi yangu, dada yake wa pekee, aliyapasha. Mama alimshikisha kikombe. Kabla ya adhana ya adhuhuri tulikuwa na maiti ndani ya nyumba.

Hivyo ndivyo mama alivyoingia eda.

Sisi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika kwenye mto huu na misafara ya biashara wakabaki. Tumepoteza mengi tangu wakati huo, lakini eda hatujaipoteza. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai rangi, hajipaki manukato, hatoki. Nyumba yetu imeongeza pazia juu ya sheria hiyo. Linatundikwa mlangoni mwa chumba cha mjane siku ya mazishi, na mwanamume yeyote asiye wa damu, awe jirani, awe mganga, anasimama upande wa korido na kuongea na kitambaa.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, ng'ambo ya pili ya mto. Nilikifunga nikavuka kuja kukaa na mama, kwa kuwa ndimi binti yake pekee. Nilidhani nakwenda kumlinda mjane. Kumbe nilikuwa nakwenda kufungiwa naye. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, ukuta wa matofali mabichi uliokuwa ukinyonya mvua na kutoa harufu ya udongo. Mchana kutwa tulikuwa tukiutazama. Mwanga uliingia umechoka. Nje nilisikia watu wakiteremka kuelekea kivukoni, vicheko vyao, kengele za baiskeli, na yote hayo yalipita kandokando ya nyumba yetu kama maji yanavyopita kando ya jiwe.

Wageni wa matanga walikuja na vyakula. Walileta pondu ya majani ya muhogo, lituma ya ndizi za kuponda, na zaidi ya yote makayabu, samaki wa chumvi, maana ndicho chakula kinachokaa bila kuoza. Shangazi alisimamia sahani.

“Semeki, kula,” alimwambia mama. Hivyo ndivyo walivyoitana, wifi kwa wifi, maisha yao yote. “Hii mawa ya kufiwa inakulaka kwanza mutu wa njaa.”

Mama alikula kidogo. Kisha akaanza kubadilika, polepole sana, hata ukikaa naye kila siku usione.

Kutoka mkekani hadi choo cha uani ni mwendo mfupi. Alianza kupumzika njiani, mkono juu ya pipa la maji, akijifanya anatazama kama limejaa. Akaanza kukohoa kila alipoegemea chini. Kandambili zikamwachia mistari miguuni, na mistari ile ilikuwa bado ipo jioni. Halafu yakaja mafurushi. Baba alikuwa ameacha vitambaa vya kazi vimefungwa mafurushi mafurushi pembeni ya chumba, vitenge na pamba nyeupe na vipande vya suti za watu. Mama alivuta furushi moja akaliweka chini ya kichwa. Baada ya muda akavuta la pili. Lilipofika la tatu alikuwa halali tena, alikuwa anakaa, mgongo juu ya vitambaa vya mumewe, kidevu juu, kama mtu anayengoja kuitwa.

Wanawake waliokuja kumtazama walilia kwa ajili ya mafurushi yale.

“Muone,” walinong'ona. “Anamukumbatia bwana yake.”

Nami nililia. Ilikuwa picha nzuri mno. Kila kitu alichokuwa nacho mama kilikuwa na maelezo mazuri. Hapumui vizuri, ni kwikwi za kilio zilizobaki kifuani. Miguu imevimba, ni kukaa mkekani. Hataki kulala, nani angelala? Mawa, walisema, neno la Kilingala ambalo huku kwetu linabeba huzuni yote, ya mwili na ya roho. Iko mawa tu.

Siku moja nilimwona amesimama kwenye pipa la maji kwa muda mrefu, midomo ina rangi ya majivu. Aliporudi ndani nikamwambia twende kwa daktari.

“Dini inasema nini?” aliniuliza. Alikuwa amewafundisha wasichana wa mtaa Kurani kwa miaka mingi, na hata akiwa hoi alikuwa akiuliza kama mwalimu.

“Inasema mgonjwa anaweza kutoka.”

“Voilà. Mugonjwa anaweza kutoka. Mi hapana mugonjwa. Mi iko mufiwa.”

“Mama, unapumua kama mtu aliyekimbia.”

“Weye olewa kwanza, ufiwe, ndio utanifundisha kupumua.”

Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi. Mama naye akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Hapo ndipo nilipoelewa kufuli letu lilikuwa wapi. Mlango haukuzuiwa na dini. Ulizuiwa na jina. Likiwa huzuni, anabaki. Likiwa ugonjwa, anatoka. Na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua, kwa sababu mjane anayetoka kabla ya wakati wake huitwa mgonjwa mbele yake na majina mengine nyuma yake.

Jambo moja alilificha. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinywa vidonge vya tension, shinikizo la damu. Alikuwa akijinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa karibu na soko. Viliisha wakati wa matanga. Yeye hatoki, na hakupenda kumtuma mtu, maana kutuma ni kukiri. Basi alikaa bila vidonge na kula makayabu ya rambirambi, na sisi tukimhimiza amalize sahani.

Nilimwita muuguzi wa kituo cha afya cha upande wa reli. Alikuja na mvua begani, akasimama kwenye korido mbele ya pazia, mikono nyuma, kwa adabu. Shangazi akajiweka katikati, kichwa mara huku, mara kule.

“Mama iko na homa?” muuguzi aliuliza.

Shangazi aliingiza kichwa ndani. Mama alitikisa kichwa kukataa. Shangazi akakitoa chake.

“Homa kidogo. Ya mawa.”

“Analalaka muzuri?”

Mama alijibu kwa sauti ambayo haikuvuka pazia. “Nikilala ninazama.”

“Analala, Mungu asifiwe,” alisema shangazi.

“Na kupumua?”

“Eh, dokta! Kama hapumue, ungetukuta na majembe.”

Muuguzi alicheka, kisha akajizuia. Niliingilia maneno, nikimwambia muuguzi: “Tonton, hawezi kulala chali. Anakaa tu.”

“Mutoto,” shangazi alisema bila kunitazama, “wakubwa wanaongea.”

Shangazi hakuwa mwongo. Kwake jibu la mjane lilikuwa jibu la nyumba, na nyumba haitangazi udhaifu wake kwenye korido. Muuguzi alilitazama pazia kwa muda. Akauliza kama anaweza kumwona mgonjwa. Akaambiwa, iko eda. Mtu mwenye adabu hasukumi kitambaa cha watu.

“Bon,” alisema. “Kwa haya munaniambia, ni uchovu na gastriti. Donc, akizidi, mumulete kwetu.”

Aliacha dawa ya tumbo juu ya kiti, akatoka mvuani. Neno lile lilikuwa limerudi ndani ya nyumba yetu mara ya pili, likakaa mahali pale pale lilipokaa mwanzo. Nilisikia baridi kwenye meno. Nilitaka kuliambia pazia, lakini pazia lilikuwa limeambiwa mengi.

Baada ya hapo hewa ya chumba ikawa ndogo. Sijui kuisema kwa namna nyingine. Mama alikuwa akiivuta kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu, na mimi nikaanza kuvuta naye. Alipokatisha, nilikatisha. Nikitoka uani kupika, masikio yangu yalibaki mlangoni. Niliwaza mto ulio kati yetu na hospitali kubwa ya mjini, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ukingoni mwake, niliuogopa upana wake.

Kilichofungua mlango kilikuwa birika.

Kila wakati wa swala shangazi alimmiminia mama maji ya udhu. Alasiri moja mama alinawa uso, akanawa mikono, na alipotaka kuinama afikie miguu, hakuweza. Aliinama nusu, akarudi, mdomo wazi. Shangazi akaweka birika chini, akapiga magoti, akaishika miguu ya wifi yake aioshe yeye. Alimsugua, akamshika juu ya kifundo, mbele ya muundi, akabonyeza ili mguu usiteleze. Alipoondoa kidole gumba, shimo lilibaki.

Shangazi alilitazama. Lilikuwa shimo kamili, la ukubwa wa kidole chake, kama unapochoma kidole kwenye lituma iliyopoa. Akabonyeza juu yake. Shimo la pili. Akabonyeza karibu na goti. La tatu.

“Semeki,” alisema, na sauti yake haikuwa ile ya korido. “Haya mafurushi. Ni juu ya ndugu yangu, ni kwa sababu yake?”

Mama alikusanya hewa ya kujibu.

“Hapana,” alisema. “Ni juu ya hewa.”

“Juu ya hewa?”

“Nikiyatoa ninazama. Nilisikia mukisema ni mapendo. Ilikuwa neno muzuri. Nikanyamaza.”

“Na kifua?”

“Kizito. Hapana sawa ya ndugu yako. Yake ilianguka mara moja. Yangu inapanda, sawa maji ya mto inapanda wakati wa mvua.”

Shangazi alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa, mguu wa mama bado mapajani mwake. Maji ya birika yalikuwa yakitiririka kuelekea mlangoni, chini ya pazia.

“Maziwa nilipasha mi,” alisema.

Tulikuwa hatujawahi kuyataja maziwa yale.

Kisha akajifuta uso kwa mkono wenye maji. “Ndugu yangu hakuacha baba, hakuacha mama. Mukubwa wa damu yake aliyebaki ni mi. Hii eda unaikaa mbele yangu, si mbele ya mutu mwingine. Alors mi ninasema, uko mugonjwa. Sema na weye.”

“Watu watasema...”

“Watu nitawajibu mi. Sema.”

Mama aliutazama ukuta wa jirani nje ya dirisha. Nilidhani atasoma aya fulani, atupe tena hoja ya mwalimu.

“Iko mugonjwa,” alisema. Akalia, kilio kifupi, cha mtu asiye na pumzi ya kulia zaidi.

Hatukungoja kesho. Alikuwa hawezi kutembea hadi kivukoni, na juu ya pikipiki angeanguka, kwa hiyo majirani wawili walimbeba juu ya kiti cha plastiki, amefunikwa nguo yake nyeupe, mimi nyuma na furushi la vitambaa kifuani. Njia nzima ilinyamaza tulipopita. Karibu na maji mwanamke mmoja muuza ndizi alishindwa kujizuia.

“Eh! Siku hizi eda inapandaka pirogi?”

“Inapanda juu miguu imevimba,” shangazi alimjibu bila kupunguza mwendo. “Yako weye imevimba ulimi tu.”

Kivuko kikubwa, kile tunachokiita baki, kilikuwa upande wa pili na hakikuonyesha dalili ya kurudi. Tulimkalisha mama kwenye pirogi, yaani mtumbwi wa mota, mgongo juu ya furushi. Mwenye mtumbwi alikuwa anangoja ujae. Alitazama ukingo, akatazama mbingu, akajikuna. Mama alikuwa akipumua kwa mabega.

“Papa,” shangazi alimwita, “angalia huyu mama. Unangoja abiria, ao unangoja maiti?”

Mtu yule aliangalia. Akavuta kamba ya mota.

“Malembe, mama,” alimwambia, yaani polepole, kama vile mama ndiye aliyekuwa na haraka. “Tunafika.”

Katikati ya mto hakuna pa kwenda. Maji ya kahawia yanakuja kutoka maporomoko ya Wagenia yamebeba majani na mapovu, yanasukuma ubavu wa mtumbwi, na mji unaouendea unakaa pale pale, haukui. Mama alinishika kifundo cha mkono. Nilihesabu pumzi zake, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mbingu nzima tangu mazishi, lakini hakuitazama. Alitazama mbao za mtumbwi.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana, labda umri wangu. Alimwomba mama alale chali.

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

Shangazi alifungua mdomo. Daktari akainua kiganja. “Mama mwenyewe.”

Na mama akasema. Alisema kuhusu mafurushi, la kwanza hadi la tatu, na pipa la maji, na kikohozi, na kuamka ghafla akitafuta dirisha. Alisema kuhusu vidonge vilivyoisha. Nilikaa pale kwenye benchi nikimsikia akieleza kwa mpangilio mambo ambayo mimi, niliyelala mkeka mmoja naye, nilikuwa nimeyaona yote na kuyapa majina mengine.

Walimpima msukumo wa damu, wakampima moyo kwa nyaya na kwa picha. Moyo ulikuwa umepanuka na kuchoka, daktari alisema, miaka ya tension imeuchosha. Hausukumi kwa nguvu, kwa hiyo maji yanarudi nyuma, yanajaa mapafuni na miguuni. Walimpa oksijeni na sindano ya kuyatoa maji yale, na usiku ule hakufanya kitu kingine ila kukojoa, akilalamika kwamba amegeuzwa mtoto.

“Mngengoja kidogo tena,” daktari alituambia, kisha hakumaliza.

Shangazi ndiye aliyeuliza la baba. Aliuliza akiwa amesimama, mkoba mkononi, kama mtu anayeuliza njia. Kifua kizito, jasho, taya. Ilikuwa nini?

“Sikumuona, mama, siwezi kusema,” alijibu daktari. “Lakini mtu wa namna hiyo hatumpi kikombe, hatungoji apumzike. Anakuja, saa ile ile. Kama ni gastriti, basi, atacheka na sisi hapa hapa.”

“Sisi tunakaaka ng'ambo.”

“Najua. Ndiyo maana nyinyi zaidi hamna muda wa maziwa.”

Shangazi aliinamisha kichwa. Niliona amelipokea neno lile, akaliweka mahali.

Mama alipopata nguvu walituruhusu, na vidonge vya kunywa kila siku, vya maisha, na amri juu ya chumvi. Alitaka arudi amalize eda yake. Hakuna aliyebishana. Tulivuka tena, tukapita tena mbele ya muuza ndizi, ambaye safari hii alikuwa na kazi nyingi sana na ndizi zake, na pazia likatushukia mgongoni.

Chumba hakikuwa kimekua. Ukuta ulikuwa ule ule. Shangazi aliendelea kulinda mlango, isipokuwa sasa aliulinda dhidi ya makayabu. Mgeni aliyefika na samaki wa chumvi alishukuriwa kwa maneno mazuri, akarudishwa na samaki wake. “Leta ndizi,” aliambiwa. “Ama leta mikono mitupu, tutalia pamoja.” Mimi nami sikuacha kusikiliza. Nadhani sitaacha tena. Mtu akikohoa chumba cha pili, mwili wangu unageuka kabla yangu. Eda ya mama ina mwisho. Ya masikio yangu sijui.

Kisha muuguzi alipita kutazama hali. Alisimama mahali pale pale, mikono nyuma, mbele ya kitambaa.

“Analalaka namna gani?”

Shangazi alivuta pumzi ya kujibu.

“Na furushi moja,” sauti ya mama ilisema kutoka ndani. “Mbele, kabla ya hospitali, ilikuwa tatu.”

Muuguzi alimtazama shangazi. Shangazi alitazama dari.

“Na kupumua, mama?”

“Nilienda mpaka kwa pipa, nikarudi. Nilisimama mara moja, lakini ni juu kuku alinipita kwa miguu.”

“Na miguu?”

Halafu pazia likatikisika kwa chini, na mguu wa mama ukatoka kwenye korido, mtupu, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, ukakaa pale juu ya saruji kati yetu watatu.

“Astaghfirullah,” alisema shangazi, lakini hakuurudisha.

Muuguzi alichuchumaa. Aliomba ruhusa kwa macho, shangazi akampa kwa kidevu. Akabonyeza mbele ya muundi kwa kidole gumba, akashikilia, akaachia. Sote tuliinama kutazama alama ile. Ilikuwepo, ya kina kidogo, na haikuonyesha kama ina haraka. Nje baiskeli ilipita na kengele yake. Alama ikaanza kujaa, polepole, kutoka pembeni kuja katikati, hadi ngozi ikawa ngozi tu.

“Bon,” alisema shangazi. “Semeki, rudisha mguu ndani. Eda bado.”